Volumu za Kimantiki: Hifadhi Inayokua Bila Kuzima Kompyuta (Sehemu ya Pili)

Mipaka kati ya sehemu za diski, iliyoelezwa katika sehemu ya kwanza, humsumbua mtunzaji wa seva, yaani kompyuta inayohudumia nyingine, awe katika shule ya Budondo au chuo cha Mbale nchini Uganda, pale nafasi ya kumbukumbu za wanafunzi inapojaa ilhali nafasi jirani yake ni tupu. Kwa mfumo endeshi wa Linux, dawa ya tatizo hilo ni programu iliyoandikwa mwaka 1998 na Heinz Mauelshagen, aliyefuata muundo uliokuwa ukitumika katika kompyuta za Hewlett-Packard.

Programu hiyo hukaa kati ya diski na faili. Huikata kila diski katika vipande vilivyo sawa, kwa kawaida vya megabaiti 4, kisha huviweka vyote, hata vilivyotoka katika diski mbalimbali, katika ghala moja liitwalo kundi la volumu. Humo ndimo zinamotolewa volumu za kimantiki, ambazo mfumo huziona kuwa diski halisi ijapokuwa vipande vyake vimetawanyika. Volumu ya gigabaiti 100 ni vipande 25,600.

Shule ikinunua diski mpya, vipande vyake huongezwa ghalani, volumu iliyojaa hurefushwa, na kazi huendelea bila seva kuzimwa. Hata hivyo, kurefusha volumu hakutoshi, kwa kuwa mfumo wa faili uliomo ndani yake, yaani utaratibu wa kupanga faili, nao lazima upanuliwe. Hatua hii husahauliwa mara nyingi, na mtunzaji hushangaa kuona nafasi haikuongezeka.

Kupunguza ni kazi ngumu zaidi. Mfumo wa faili wa ext4 sharti kwanza uondolewe kazini, upunguzwe, ndipo volumu ifupishwe; anayegeuza mpangilio huo huharibu data. Umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo hasara yaweza kuwa kubwa, na kuishi jirani na bwawa la umeme la Bujagali, lenye uwezo wa megawati 250, hakuondoi haja ya betri ya akiba. Kwa hiyo ni busara kuipa kila volumu nafasi ndogo inayotosha, na kuacha vipande vingine ghalani bila kugawiwa.

Isidhaniwe kwamba wepesi huu ni ulinzi. Volumu iliyotandazwa juu ya diski mbili bila nakala hutegemea uzima wa zote mbili, na moja ikifa, yote yaweza kupotea. Namna ya kuweka nakala pacha itaelezwa katika sehemu ya tatu.