Pesa ya uzee: ngapi ibaki mkononi, ngapi iende kufanya kazi

Tangu mwaka 2024 watu wengi wa Kivu wamepokea pesa ambayo mtu huipokea mara moja tu katika maisha: dekonti finali. Mwezi wa sita mwaka 2024 MONUSCO ilimaliza kazi yake Sud-Kivu. Mwanzo wa 2025 Marekani ikasimamisha misaada, mashirika yakapunguza watu. Madereva, walinzi, wauguzi, watu wa lojistiki, wengine wakiwa wamepita miaka 50, walirudi nyumbani na dola elfu chache bila kujua kama watapata kazi ingine. Pesa hiyo njo pensheni yao, hata kama hakuna aliyeiita hivyo.

Pensheni ya serikali iko, lakini ni ya wachache. Mfanyakazi aliyetangazwa kwa CNSS anakatwa 5% ya mshahara, mwajiri anatoa 13%, ambamo kuna pia posho ya watoto na ajali za kazi. Akifika miaka 60 anaweza kudai haki yake, kama miezi aliyolipiwa inatosha. (Mwenye shaka aende kuuliza na namba yake sasa, asingoje siku ya kuacha kazi: kuna waajiri wanaokata mshahara na pesa haifiki.) Mama wa soko, mtu wa taksi-moto, mchimbaji, mwalimu anayelipwa na wazazi, hao uzee wao uko mikononi mwao wenyewe.

Mashauri ya kartye ni mawili. La kwanza: nunua parseli, jenga, pangisha. La pili: chenja yote katika dola, ficha, nyamaza. Kila moja lina ukweli ndani, na kila moja, likifuatwa peke yake, limekwisha kuangusha watu.

Anza na yule wa kuficha. Wazee wanakumbuka. Mwaka 1993 zaire mpya moja ilichukua nafasi ya zaire za zamani milioni 3. Mwaka 1998 franka moja ikachukua nafasi ya zaire mpya 100.000. Piga hesabu: franka moja kwa zaire za zamani miliari 300. Aliyeacha akiba yake katika sanduku tangu wakati wa zaire ya zamani alibaki na karatasi za kuchezea watoto. Na franka yenyewe haikutulia: mwanzo wa 2016 dola moja ilikuwa chini ya franka 1.000, mwaka 2024 ilipita 2.700.

Ndiyo maana watu walikimbilia dola, na hawakukosea. Lakini dola nayo inaliwa, polepole tu. Mwaka 2022, hata kwao Marekani, bei za vitu zilipanda karibu 8% kwa mwaka mmoja. Mwenye dola 1.000 chini ya godoro alikuwa bado na dola 1.000, lakini ununuzi wake ulikuwa umepungua. Bila kusahau kwamba noti iliyopasuka kidogo pembeni, mchenjaji wa njiani anaikataa ao anaikata bei. Mtu wa miaka 55 anaweza kuishi miaka 25 ingine. Kwa muda mrefu namna hiyo, pesa inayolala inakonda.

Kwa hiyo sehemu moja inapaswa kufanya kazi. Katika nchi nyingi, chombo cha kazi hiyo ni hisa. Hisa iko kipande kidogo cha kampuni: kampuni ikipata faida, mwenye kipande anapata chake, na kipande chenyewe kinaweza kupanda bei. Kongo haina soko la hisa. Nairobi iko nalo, Kampala, Kigali na Dar es Salaam pia. Na kuna jambo ambalo wateja wengi wa banki hawalifikirii: EquityBCDC ni ya kundi la Equity, TMB iko chini ya KCB, na hisa za makundi hayo mawili zinauzwa Nairobi kila siku ya kazi. Mtu wa Beni ao Lubumbashi anaweka pesa katika banki hizo, na faida inayotoka humo inamfikia, kwa sehemu, mwenye hisa wa Nairobi. Mkongomani naye anaweza kuwa mwenye hisa, lakini itamlazimu kupita kwa dalali mwenye ruhusa kule, afungue konti, aonyeshe vitambulisho. Si jambo la kufanywa kwa WhatsApp na mtu asiyejulikana anayeahidi kuzidisha pesa mara mbili kwa mwezi. Aliyeishi Kinshasa mwaka 1991 anakumbuka Bindo.

Shida ya hisa ni kwamba inapanda na kushuka bila kuuliza kama mwenyewe amekwisha kula. Hisa ya Safaricom, kampuni ya M-Pesa kule Kenya, ilipita shilingi 40 mwaka 2021. Mwisho wa 2023 ilikuwa chini ya 15. Mwaka 2025 ikapanda tena kupita 25. Kampuni haikufa, watu waliendelea kutumia simu zao kila siku. Lakini yule aliyelazimika kuuza mwisho wa 2023 ili alipe hospitali, kwake hasara ilikuwa ya kweli na haikurudi.

Hapo njo kiini cha hesabu ya uzee. Kijana akiona bei imeshuka anangoja, mshahara wake unamlisha. Mzee asiye na mshahara anauza ili ale, na akiuza wakati bei iko chini anauza vipande vingi zaidi kwa chakula kilekile.

Chukua mfano wa mama wawili, kila mmoja na dola 12.000, kila mmoja anakula dola 1.200 kwa mwaka. Wa kwanza ameweka yote katika hisa za dola 10: ana hisa 1.200. Wa pili ameweka dola 9.600 katika hisa, ni hisa 960, na dola 2.400 amezibakiza mkononi. Bei inaanguka mpaka dola 6 na kukaa hapo miaka miwili. Wa kwanza anauza hisa 200 kila mwaka ili ale. Wa pili hauzi kitu, anakula zile 2.400. Mwaka wa tatu bei inarudi dola 10. Wa kwanza amebaki na hisa 800, ni dola 8.000. Wa pili bado ana hisa zake 960, ni dola 9.600. Wamekula sawasawa, soko limerudi palepale, lakini mmoja amepungukiwa dola 1.600 kwa sababu tu hakuwa na pesa ya kungojea.

Sasa geuza mfano. Kama katika miaka ile miwili bei ingepanda mpaka 12, wa kwanza angeuza hisa 100 kila mwaka na kubaki na 1.000, ni dola 12.000. Wa pili angekuwa na 11.520. Pesa ya mkononi ingemnyima dola 480. Hiyo ni kama malipo ya mlinzi wa usiku: mwaka ambao mwizi hakuja, mlinzi anaonekana ghali.

Kwa watu wengi wa mashariki hisa ya Nairobi itabaki habari ya mbali. Lakini hesabu haibadiliki ukiweka mbuzi, nyumba ya kupangisha ao duka mahali pa hisa. Mfugaji wa Masisi aliyekimbia vita na ng'ombe watano, akawauza njiani kwa bei yoyote kwa sababu watoto hawakuwa wamekula, ni yule mama wa kwanza kabisa.

Nyumba iko na shida yake pekee: haikatiki. Mwenye mbuzi kumi anauza mmoja. Mwenye hisa anauza tano. Mwenye nyumba hawezi kuuza dirisha ili anunue dawa ya tansiyo. Anauza yote ao anakopa. Tena nyumba inakaa mahali pamoja na hatari zote zingine za mwenyewe. Goma wanalijua hilo vizuri: Januari 2002 moto wa Nyiragongo ulipita katikati ya mji, na Mei 2021 ulichoma nyumba nyingi upande wa Buhene. Na hata nyumba isipoguswa, wapangaji wa mashirika wakihama, kodi inakatika mwezi uleule ambao bei ya unga inapanda. Kodi ni nzuri sana kwa uzee, mradi mwenye nyumba aweze kukaa mwaka mzima bila mpangaji na asishikwe shingo.

Basi ngapi mkononi? Kuna kanuni ya zamani kutoka nchi za nje: toa miaka yako katika 100, inayobaki njo sehemu ya hisa. Mwenye miaka 60 angeweka 40% katika hisa na 60% mahali tulivu. Kanuni hiyo iliwekwa kwa watu ambao serikali inawatumia pensheni kila mwezi. Mzee wa Bukavu analipia hospitali mwenyewe, na mara nyingi analipia pia minerval ya wajukuu. Kwake ni afadhali kuanzia tumboni, asianzie kwenye asilimia: ahesabu chakula, dawa, kodi na masomo ya mwezi mmoja, azidishe kwa miezi 12. Kama maisha yake yanategemea kitu kinachoyumba, azidishe kwa 24. Hiyo isiguswe kwa biashara wala kwa kuazima shemeji. Inayobaki njo iende kufanya kazi.

Kwa wengine haitabaki kitu kikubwa. Mwenye dola 3.000 anayetumia 150 kwa mwezi, akiweka kando 1.800, anabaki na 1.200. Huyo asihangaike na soko la Nairobi, gharama na safari zitamla. Mbuzi wachache, mashine ya kusaga kwa kushirikiana na mwingine, ao magunia ya maharagwe yaliyonunuliwa wakati wa mavuno, hiyo ni hisa yake.

Kisha kuna kujaza mfuko. Mwaka ambao mbuzi wamezaa, duka limetembea ao bei ya hisa imepanda, uza kidogo na urudishe miezi iliyoliwa. Mwaka mbaya, kula mfuko na uache mali ipumue. Watu wengi wanafanya kinyume: mwaka mzuri wanaongeza ghorofa, mwaka mbaya wanauza mabati.

Na hiyo pesa ya mkononi ikae wapi? Mwisho wa Januari 2025 vita ilipoingia Goma, banki zilifunga milango. Wenye konti walikuwa na namba katika karatasi lakini hawakuwa na noti. Wengine walivuka kwenda Gisenyi kutafuta kash, wengine walilipa komisyo kubwa kwa wakala wa simu. Nyumbani peke yake nako kuna wezi na moto. Mifuko mitatu ni afadhali: miezi miwili hivi nyumbani, nusu dola nusu franka, kwa sababu soko dogo linauza kwa franka, sehemu katika simu, iliyobaki katika banki ao COOPEC inayojulikana, na si yote katika mji mmoja. AVEC na likelemba zinasaidia kukusanya, lakini zamu ya mtu haifiki siku anayougua, basi zisihesabiwe katika ile miezi 12.

Jambo la mwisho linahusu familia. Pesa ya simu imefungwa kwa kode, na konti ya banki inaitikia jina moja. Mwenyewe akifa na hakuna aliyejua, mjane anaanza kutembea ofisi kwa ofisi na cheti cha kifo, wakati wageni wa matanga wanangoja kula. Daftari moja lenye orodha ya kila mfuko, bila kode, likijulikana na mke ao mume na mtoto mmoja mkubwa, linamwonyesha mjane ofisi ya kuanzia.