Pima Mzigo Wako Kabla ya Kupanda Ndege

Msomaji mpenzi, sikiliza kwanza habari ya mama mmoja wa kijijini kwetu, huku upande wa Ziwa. Binti yake aliyeolewa Dar es Salaam alikuwa karibu kujifungua mtoto wake wa kwanza. Mkwe wake alimnunulia tiketi ya ndege kutoka Mwanza, ya bei nafuu kabisa, akampigia simu: "Mama, Jumamosi uwe uwanjani saa mbili asubuhi." Basi, hayo tu ndiyo aliyoambiwa.

Mama akafanya kama afanyavyo kila mama. Je, angekwenda kwa mzazi mikono mitupu? Akatia katika mfuko mkubwa mchele, dagaa, karanga na michembe. Akatia vitenge vya kumbebea mtoto, na chupa ya samli. Mwisho akatia kisu chake cha jikoni, maana alijua kwamba visu vya mjini havikati.

Uwanjani kijana wa shirika la ndege alimwamkia vizuri, kisha akaweka mfuko ule juu ya mizani. Kilo 19.

"Samahani, mama, mzigo wako umezidi."

"Umezidi nini, mwanangu? Mbona nimeubeba mwenyewe kichwani toka nyumbani mpaka kituo cha basi?"

"Najua, mama. Lakini tiketi yako ni ya mzigo wa mkononi tu, kilo 7. Zaidi ya hapo inalipiwa."

Watu walikuwa wengi nyuma yake. Mama akafungua mfuko mbele ya macho yao, naye anaona haya. Michembe, kilo 3, akawagawia wafagiaji wa pale. Vitenge, dagaa na kile kisu akavitia katika kikapu cha mkononi, kilo 4. Zikabaki kilo 12 za kwenda chini ya ndege, na kila kilo shilingi 4,000. Akafungua pindo la khanga yake. Mlikuwa na shilingi 70,000, fedha za kumnunulia binti yake vifaa vya kujifungulia. Akalipa 48,000. Kisha, alipofika kwenye mashine ya ukaguzi, kisu nacho kikachukuliwa. Akapanda ndege akiwa na shilingi 22,000 na moyo mzito.

Tusimcheke mama huyu, wala tusimlaumu. Wazee wetu wengi siku hizi hupelekewa tiketi za ndege na watoto wao, kwa ajili ya arusi, msiba au matibabu. Basi yafaa tujue sheria za mizigo hiyo, nasi tuziseme mapema nyumbani.

KWA NINI WANAPIMA?

Labda wewe wauliza: basi la kwenda mjini hubeba hata magunia na kuku, kwa nini ndege isibebe kilo chache za mama?

Sababu ya kwanza ni uzito wenyewe. Ndege haipandi angani bure. Kila kilo inakula mafuta. Rubani hapana budi ajue uzito wa ndege yake kabla ya kuruka.

Sababu ya pili ni nafasi. Ndani ya ndege, juu ya viti, mna makabati madogo ya kuwekea mizigo. Ndege nyingi zinazoruka humu nchini mwetu ni zile za mapanga mawili, na makabati yake ni madogo zaidi. Kila abiria akiingia na mfuko mkubwa, wa mwisho watakosa pa kuweka.

Sababu ya tatu ni biashara. Zamani nauli ya ndege ilikuwa na kila kitu ndani yake: kiti, chakula na mzigo. Huko Marekani shirika la Southwest lilianza kuruka mwaka 1971 katika jimbo la Texas, likatafuta njia ya kushusha nauli: ndege za aina moja, pasipo chakula cha gharama, na ndege isikae chini muda mrefu. Baadaye Ryanair la Ireland likafuata mwendo huo huko Ulaya, likazidi. Nauli ikawa ya kiti tu, na kila kitu kingine kina bei yake.

Watu walipoona kwamba mzigo wa chini ya ndege unalipiwa, wakafanya nini? Wakaanza kuingia na kila kitu mkononi. Ndipo mashirika yakaanza kupima na mzigo wa mkononi. Toka Novemba 2018, Ryanair huruhusu bure mfuko mmoja mdogo tu, unaoingia chini ya kiti cha mbele yako.

Kwetu nako mtindo huu umefika. Fastjet ilianza safari zake Tanzania mwezi wa Novemba 2012, ikaziacha mwishoni mwa 2018. Nchini Kenya, Jambojet, mtoto wa Kenya Airways, imekuwa ikiruka toka Aprili 2014. Hata mashirika mengine yameiga desturi ya kuuza tiketi za namna mbalimbali: moja ya bei ya chini pasipo mzigo mkubwa, nyingine ya bei ya juu pamoja na mzigo.

Je, ni haki kutoza fedha kwa mfuko wa mkononi? Huko Ulaya wanashindana bado. Mwaka 2014 Mahakama ya Umoja wa Ulaya ilisema kwamba mzigo wa mkononi wenye uzito na ukubwa wa kiasi ni kitu cha lazima kwa msafiri, usitozwe bei ya ziada. Novemba 2024 serikali ya Hispania ikayatoza mashirika matano faini ya jumla ya euro milioni 179 kwa mambo ya namna hiyo. Mashirika yakakataa, yakataka kwenda mahakamani. Lakini wewe uliyesimama mbele ya mizani, kesi za Ulaya hazitakusaidia asubuhi ile. Kitakachokusaidia ni kujua mapema.

KILO NGAPI, NA UKUBWA GANI?

Kanuni ya kwanza: soma tiketi. Kama husomi vizuri, msomeshe mtoto wa shule. Tafuta mahali paliposemwa mizigo. Pana mambo mawili tofauti. Kuna mzigo wa mkononi, unaoingia nao ndani. Na kuna mzigo wa kukabidhi, unaokwenda chini ya ndege. Tiketi ya bei ya chini kabisa mara nyingi ina ule wa kwanza tu.

Mashirika mengi ya kwetu huruhusu kilo 7 mkononi. Kilo 7 ni nini? Fikiri paketi saba za sukari za kilo moja moja. Si nyingi! Tena kumbuka kwamba mfuko wenyewe una uzito wake. Sanduku la magurudumu laweza kula kilo 2 au 3 kabla hujatia hata shati moja. Kikapu cha ukindu au mfuko wa kitambaa ni mwepesi zaidi.

Usipime kwa mkono wala kwa kichwa. Mama zetu wamezoea kubeba ndoo ya maji, kwao kilo 15 ni mchezo. Nenda dukani au kwenye mizani ya chama cha ushirika, ukapime huko. Mwenye duka hatakutoza kitu.

Mashirika mengine hayapimi uzito tu, hupima na ukubwa. Mlangoni pana kisanduku cha chuma. Mfuko usipoingia humo, unalipiwa. Huko Ulaya, kwa Ryanair na Wizz Air, mfuko wa bure ni wa sentimita 40 kwa 30 kwa 20. Kwa easyJet ni 45 kwa 36 kwa 20. Rula ya mtoto wa shule ina sentimita 30. Basi mfuko wa Ryanair una upana wa rula moja, na urefu wa rula moja na theluthi. Ukipima, pima pamoja na magurudumu na mpini, maana navyo vyahesabiwa.

Ukiona mzigo utazidi, usingoje uwanjani. Kilo za ziada zikinunuliwa mapema, pamoja na tiketi, kwa kawaida bei yake ni ndogo kuliko mezani uwanjani. Na mlangoni mwa ndege, bei huwa kubwa kupita zote.

VITU GANI VISIINGIE MKONONI?

Visu, panga, nyembe, mikasi mikubwa na vyuma vyenye ncha visitiwe kamwe katika mfuko wa mkononi. Tia katika mzigo wa kukabidhi, au acha nyumbani. Kikichukuliwa kwenye ukaguzi, usitumaini kukiona tena.

Vitu vya majimaji vina sheria yake. Agosti 2006 polisi wa Uingereza waligundua njama ya watu waliotaka kulipua ndege kwa mabomu ya majimaji yaliyofichwa katika chupa za vinywaji. Toka hapo, katika safari za nchi za nje, kila chupa ya mkononi isizidi mililita 100, yaani vijiko 20 vya chai, na chupa zote ziingie katika mfuko mmoja mwangavu wa lita moja. Viwanja vichache vyenye mashine mpya vimelegeza sheria hiyo, lakini usitegemee. Na usidhani ni maji tu. Asali, samli, mtindi, siagi ya karanga, mafuta ya nywele, vyote vyahesabiwa.

Hata mahujaji hawakusamehewa. Mwaka 2007, watu waliokuwa wakirudi Roma kutoka Lourdes walizuiwa kuingia ndani ya ndege na chupa zao za maji ya chemchemi ile, kwa sababu zilizidi kipimo. Basi ukijaliwa kwenda kuhiji, chukua chupa ndogo, au tia maji hayo katika mzigo wa chini.

Tena, anayekwenda Ulaya kumtembelea mtoto wake asibebe nyama wala maziwa, hata samli. Nchi za Umoja wa Ulaya hazivipokei kutoka kwetu katika mizigo ya wasafiri. Utavunja moyo wako forodhani bure.

Mifuko ya plastiki je? Kenya iliipiga marufuku Agosti 2017, na Tanzania Juni 2019. Funga vitu vyako katika kikapu au mfuko wa kitambaa.

VITU GANI VISITOKE MKONONI?

Hapa sikiliza sana. Fedha, kitambulisho, tiketi, simu, miwani, funguo, dawa unazomeza kila siku, na vyeti vya hospitali, vyote hivyo vikae nawe. Betri ya kuchajia simu nayo lazima iwe mkononi. Ni marufuku kuitia katika mzigo wa chini, kwa sababu yaweza kuwaka moto mahali asipoiona mtu.

Pengine mfanyakazi atakuambia mlangoni: "Kabati zimejaa, tupe mfuko wako uende chini." Usigombane naye. Lakini kabla ya kuutoa, toa kwanza fedha, dawa, karatasi na betri. Kwa hiyo, vitu hivyo vifunge toka nyumbani katika kifuko kimoja kidogo, upate kukitoa mara moja.

Na mtu usiyemjua akikuomba umbebee kifurushi chake, eti mzigo wake umezidi, kataa kwa upole. Kitakachokutwa ndani ya mfuko wako ni chako mbele ya askari.

NENO KWA WATOTO MLIOKO MJINI

Wahenga walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Wewe uliyenunua tiketi kwa simu yako, ukaifurahia bei yake, umemwachia mama yako mzigo ambao hukuuona. Alikuwa hajui, nawe ulikuwa unajua. Kumnunulia mzazi tiketi ni tendo jema, lakini tendo hilo halijaisha mpaka umwambie: "Mama, una kilo 7 tu. Usibebe kisu. Ukitaka kuleta mchele, nitakununulia kilo 15 za ziada leo hii." Maneno hayo hayachukui dakika mbili.

Tena fanya hesabu yote. Tiketi ya bei ya chini, ukiongeza mzigo uliolipiwa mezani, yaweza kuwa ghali kuliko ile uliyoikataa. Na mzazi mwenye zawadi nyingi pengine atumie basi kwa mizigo, naye mwenyewe apande ndege.

Yule mama wa kijijini kwetu alifika salama, na mjukuu akazaliwa salama, mtoto wa kiume. Mkwe wake aliposikia habari za uwanjani alinyamaza kwa muda, kisha akapiga magoti akamwomba radhi. Mama akamjibu, "Inuka, baba. Nawe hukufundishwa na mtu."

Baada ya miezi miwili akarudi. Safari hii walipima mfuko wake katika mizani ya duka la jirani, wakatoa jozi moja ya viatu, zikabaki kilo 6 na nusu. Uwanjani kijana wa mezani akasema, "Sawa, mama, pita." Naye akapita, kikapu mkononi, na pindo la khanga yake limefungwa vizuri, halikufunguliwa.