Gesi ya AC Haiishi Yenyewe: Fundi Akitaka Kuongeza, Muulize Imetokea Wapi

Mwezi wa Machi hapa Mombasa hauhitaji kuelezwa. Upepo wa kaskazi umelegea, masika hayajaingia, na kuta zilizochomwa na jua mchana kutwa hutoa joto hadi alfajiri. Ni katika mwezi kama huo ndipo mama yangu, mzee wa miaka 76 mwenye maradhi ya presha, aliporuhusiwa kutoka hospitali. Daktari alinipa sharti moja nje ya dawa: mama asilale kwenye joto.

Nikanunua kiyoyozi, au AC kama tunavyoita wengi, ile ya vipande viwili: kimoja ukutani ndani, kingine nje. Nikatafuta fundi wa bei nafuu. Alikuja na mkoba wa spana na mashine ya kutoboa ukuta, na baada ya saa moja na nusu chumba kilikuwa baridi. Nikamlipa, mama akamwombea dua.

Wiki sita baadaye AC ilikuwa inapuliza hewa vuguvugu. Fundi akaja, akagusa bomba, akasema, "Gesi imeisha, mzee wangu. Ni kawaida." Shilingi 4,500. Miezi miwili baadaye imeisha tena. Mara ya tatu, jumla nilikuwa nimetoa shilingi 13,500 za gesi, na mama alikuwa amerudi kulala sakafuni karibu na mlango apate upepo.

Ndipo mpwa wangu, anayetengeneza majokofu katika hoteli moja huko Pwani Kusini, alipokuja kumjulia hali bibi yake. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Mjomba, hiyo gesi inakwenda wapi?"

Sikuwa na jibu. Siku mbili zilizofuata nilimshikia ngazi na tochi, nikajifunza niliyopaswa kuyajua kabla ya kutoa shilingi ya kwanza. Nayaandika hapa kwa sababu najua si mimi peke yangu niliyeambiwa "ni kawaida."

AC haitengenezi baridi

AC huhamisha joto. Gesi iliyo ndani ya mabomba ya shaba hupita kwenye mashine ya ndani ikiwa baridi sana, ikanyonya joto la chumba. Kompresa huivuta na kuikandamiza, nayo ikapanda moto kuliko hewa ya nje. Feni ya mashine ya nje huipoza, gesi ikageuka maji maji, kisha hupitishwa penye mwanya mwembamba, presha ikashuka, ikawa baridi tena na kurudi ndani. Ndiyo sababu hewa inayotoka nyuma ya mashine ya nje ni ya moto. Hilo ndilo joto la chumbani kwako. Katika nchi za baridi mashine kama hii hugeuza mzunguko na kuleta joto ndani.

Kwa kuwa inahamisha tu, AC hufanya kazi kubwa kwa stima kidogo. Ya mama ni ya BTU 9,000: inaweza kutoa joto la wati 2,600 hivi kwa kutumia stima ya wati 800 hivi.

La kukumbuka ni kwamba mzunguko huo umefungwa pande zote. Gesi haiunguzwi kama ya kupikia, wala hailiki kama mafuta ya gari. Ile iliyotiwa kiwandani inapaswa kuwa mle mle hadi siku mashine inapotupwa. Ikipungua, imevuja. Kuongeza gesi bila kutafuta tundu ni sawa na kujaza maji mtungi uliopasuka.

Alichokiruka fundi wa kwanza

Mpwa wangu alichanganya sabuni ya vyombo na maji, akapaka kwenye viungo vyote. Kwenye nati moja ya mashine ya nje, mapovu yakaanza kufura polepole. Hilo ndilo tundu lililonila 13,500.

Mabomba ya AC za nyumbani kwa kawaida hayachomelewi mwishoni. Mdomo wa shaba hutanuliwa kama tarumbeta ndogo, kisha hukazwa kwa nati. Mdomo ukiwa na makovu, au nati ikikazwa kwa nguvu za hasira, shaba hupasuka. Fundi makini hukata bomba kwa kikata bomba badala ya msumeno, husafisha ukingo, hutanua mdomo kwa kifaa chake, hupaka tone la mafuta, na hukaza kwa spana inayopima nguvu.

Mpwa wangu aliikusanya gesi iliyobaki, akakata mdomo ule na kutengeneza mwingine. Kisha akajaza naitrojeni kwenye mabomba na kuiacha usiku kucha. Asubuhi sindano ya geji haikuwa imesogea, na hapo akajua hapavuji.

Halafu akafanya jambo ambalo fundi wa kwanza hakulifanya kabisa: aliunganisha pampu ya kufyonza hewa, ambayo mafundi huiita vakyumu, akaiacha ingurume zaidi ya nusu saa. Hewa yetu ya pwani imejaa unyevu. Ikibaki ndani ya mabomba, unyevu ule huchanganyika na mafuta ya kompresa, huzaa asidi, na kidogo kidogo huiua kompresa. Wapo mafundi wanaofungua gesi kidogo ili isukume hewa nje, na kwa kweli AC itapoa siku hiyo. Uharibifu wake huonekana baadaye, wakati fundi hapokei simu.

Mwisho aliitia gesi kwa kuipima kwenye mizani, uzito ule ule ulioandikwa kwenye kibandiko cha mashine. Gesi si aina moja. Za zamani hutumia R22, ambayo inaondolewa duniani chini ya Itifaki ya Montreal kwa kuharibu tabaka la ozoni. Nyingi za sasa ni R410A au R32. Hazichanganywi. R32 inaweza kushika moto, kwa hivyo hakuna sigara wala kiberiti karibu na kazi hiyo. Na R410A ikivuja, kilo yake moja hupasha dunia joto zaidi ya mara 2,000 kuliko kilo ya kaboni dioksidi. Tundu dogo la nyumbani kwako si lako peke yako.

Ukubwa, mahali na stima

Chumba cha kulala cha mita za mraba 12 hadi 15 kwa kawaida hutoshwa na BTU 9,000. Kikiwa kikubwa zaidi, kiko chini ya mabati, au kinapigwa na jua la magharibi, fikiria 12,000. Usinunue kubwa mno ukidhani ni sifa. Hupoza haraka ikajizima kabla ya kukausha unyevu, ukabaki na chumba baridi chenye majimaji.

Mashine ya nje inahitaji nafasi ya kupumua. Ukiibana kwenye pembe au kuizungushia ukuta, itavuta moto wake wenyewe. Tundu la ukutani liinamie nje kidogo, na mpira wa maji uteremke njia yote, angalau sentimita moja kwa kila mita, bila kupanda popote. Wangu ulikuwa na kibonde. Jirani wa chini aliniletea shuka zake zenye madoa kabla sijakiona mwenyewe. Mabomba yote mawili yavishwe sponji, kila moja lake.

Stima ya AC itoke kwenye boksi kuu kwa waya wake na swichi yake, na iwe na waya wa athi. Ekstensheni isikaribie. Kazi hiyo mpe fundi wa umeme mwenye leseni ya EPRA. Ongeza na kifaa cha kulinda volteji, kwa sababu stima ikikatika na kurudi kwa kishindo, ubao wa AC ya inveta ni wa kwanza kuungua.

Kabla hujampigia fundi simu

*Haipoi.* Tazama rimoti kwanza. Wengi huwa wamebonyeza alama ya feni badala ya ile ya theluji. Kisha fungua kifuniko, toa machujio, uyaoshe. Nje, hakikisha feni inazunguka. Pima hewa inayoingia juu ya mashine ya ndani na inayotoka chini: baada ya robo saa, tofauti ya nyuzi 8 hadi 12 ni dalili njema.

*Bomba au koili imeganda barafu.* Ama hewa haipiti kwa uchafu, ama gesi imepungua. Zima, acha iyeyuke, safisha chujio, ujaribu tena. Ikirudi kuganda, tafuta tundu.

*Maji yanadondoka chumbani.* Mara nyingi mpira umezibwa na utelezi. Uvute kwa mashine ya kufyonza vumbi kutoka upande wa nje.

*Inazima na taa inapepesa.* Hesabu mapepeso au soma herufi kwenye kioo, kisha tazama kitabu cha mashine. Ukimwambia fundi namba hiyo, atakuja na kifaa sahihi. Wakati mwingine mkosaji ni mjusi aliyeingia kwenye boksi la nje akaungulia kwenye ubao.

*Swichi kuu inaanguka kila ukiwasha.* Usiirudishe tena na tena. Hapo kuna hitilafu ya umeme, ita fundi. Na usiifungue mashine ya nje mwenyewe hata kama umezima, kwani kapasita inaweza kuwa bado ina stima.

Chumvi yetu

Adui mwingine hapa pwani ni bahari yenyewe. Upepo wa chumvi hula mapezi ya alumini na skrubu za mashine ya nje. Ukinunua, uliza yenye mapezi yaliyopakwa rangi ya kinga, na stendi yake ifungwe kwa bolti zisizoshika kutu. Kila mwezi zima stima, uimwagie maji taratibu. Lakini angalia ni maji gani! Nyumba zetu nyingi hutumia visima vyenye maji ya chumvi, na kuoshea hayo ni kuongeza ugonjwa. Tumia maji baridi ya mfereji au ya mvua.

Maswali manne

Siwalaumu mafundi wote. Mpwa wangu ni fundi, na wapo wengi waaminifu. Tatizo ni sisi wateja kupigania bei ya chini bila kujua tunachokatwa. Kabla hujalipa malipo ya awali, uliza: Unayo pampu ya vakyumu, na utaiendesha kwa muda gani? Utapima uvujaji kwa naitrojeni? Una mizani ya gesi? Ukirudi kuniongezea gesi, utanionyesha tundu?

Atakayekasirika kwa maswali hayo, mwache aende. Aliye na vifaa atafurahi kwamba umeuliza.

Mama sasa analala kitandani kwake, rimoti iko kwenye nyuzi 25 na mlango umefungwa. Huu ni msimu wa pili wa joto tangu nati ile itengenezwe, na hatujaongeza gesi hata chembe. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi niliuona ufa wangu kwa mapovu ya sabuni ya vyombo.