Boila Nzima, Chumba Baridi: Anza na Mabomba Mawili

Baridi ya Januari inapokolea Portland, jimboni Maine, ambako Wakongo, Warundi na Wanyarwanda wengi wamehamia, malalamiko huwa yaleyale: sebuleni kuna joto, vyumba vya ghorofani vinagandisha, na themostati imeshapandishwa hadi mwisho. Kuipandisha zaidi ni kujichosha. Kazi yake ni kuwasha na kuzima tu. Ukiiweka 70 au 90, maji yanayopita ni yaleyale.

Nyumba nyingi za huko hupashwa joto kwa maji. Boila iliyo chini ya nyumba huyafikisha karibu nyuzi 180 za Fahrenheit (82 za Selsiasi), pampu ikayasukuma kwenye bomba la shaba lenye mapezi membamba ya alumini, ndani ya kasha la bati linalokaa chini ya ukuta. Nyumba hugawanywa kanda, kila kanda na themostati yake na valvu ya umeme, au pampu yake. Kwa hiyo kanda moja huweza kuugua peke yake. Kama nyingine zinapata joto vizuri, fundi anayekimbilia kukuuzia boila mpya mwambie asubiri.

Washa kanda inayosumbua, ngoja robo saa, ushuke kwenye boila. Tafuta bomba linalopeleka maji kwenye kanda hiyo na linaloyarudisha, uyaguse upesi, maana yanaunguza. Kanda yenye afya hurudisha maji yaliyopoa kwa nyuzi 20 hivi. La kupeleka likiwa moto na la kurudisha baridi, maji yanatambaa au yamekwama. Yote mawili yakiwa baridi, valvu haijafunguka au pampu haizunguki. Valvu nyingi zina kishikizo kidogo ubavuni: kikilegea, imefunguka, kikiwa kigumu ilhali themostati imewashwa, mota yake imekufa au umeme haufiki.

Maji yanayotambaa mara nyingi yamezuiwa na hewa, na ghorofani ndiko hewa hujikusanya. Utaisikia ikigugumia usiku. Ila kabla ya kuitoa, tazama geji boila ikiwa imepoa. Nyumba ya ghorofa moja juu huhitaji presha ya psi 12 hivi. Kila psi huinua maji futi 2.3, kwa hiyo geji ikisoma 5, maji hayapandi hata futi 12, na vyumba vya juu vitabaki baridi hata ukitoa hewa mchana kutwa.

Kuitoa kwenyewe kunataka subira. Boila ikishapoa, funga kanda nyingine. Unga mpira kwenye koki ya kutolea maji ya bomba la kurudisha, funga valvu iliyo kati ya koki hiyo na boila, na uzamishe ncha ya mpira kwenye ndoo yenye maji. Fungua koki, kisha ingiza maji mapya taratibu. Yataanza kutema mapovu makubwa, yatatulia, kisha yatatema tena. Wengi hufunga katika utulivu ule wa kwanza. Endelea hadi mkondo uwe safi, jicho likiwa kwenye geji: ikifika 30, valvu ya usalama hufyatuka. Presha ikishuka tena baada ya wiki chache, pana mahali panavuja. Paziba, kwa sababu kila maji mapya huingiza oksijeni, na oksijeni hutia chuma kutu.

Mabomba yote mawili yakiwa moto na chumba bado baridi, kosa liko chumbani. Ng'oa bati la mbele: mapezi yenye vumbi na manyoya ya mbwa hayatoi joto. Hewa lazima iingie chini na kutokea juu, hivyo zulia nene au kitanda kilichobana ukuta huua kanda nzima. Vinginevyo bomba ni fupi tu. Kwa maji ya nyuzi 180, futi moja hutoa takriban BTU 550 hadi 600 kwa saa. Futi sita hazitoshi baraza lililogeuzwa chumba cha kulala.

Mpangaji asiguse koki. Sheria ya Maine inataka mtambo wa mwenye nyumba uweze kukifikisha chumba nyuzi 68, zikipimwa futi 3 kutoka ukuta wa nje na futi 5 juu ya sakafu, hata nje kukiwa nyuzi 20 chini ya sifuri. Pima hapohapo, andika kipimo na saa, ndipo umpigie.