Kompyuta ikikufa, nani atapeleka habari? Juu ya kuchunga ao kuacha dampu ya rezo

Bandugu, kila mmoja wetu ameisha kuona kompyuta inakufa gafula: ekrani inabadilika rangi, maandishi yanapita mbio, kisha inajiwasha upya. Wengi tunashukuru tu kwamba imewaka, tunaendelea na TFC yetu. Lakini kwa wale wanaochunga maserveri, dakika ile ya kufa njo yenye thamani kuliko zote. Kerneli, ni kusema kiini cha sistemu, ikiona haiwezi tena kujiamini inasimamisha kila kitu, kisha inajaribu kuandika yale yalikuwa ndani ya memwari. Andiko hilo wanaliita dampu. Bila dampu hakuna atakayejua nini iliua mashini, na kesho itakufa tena vilevile.

Kwa kawaida dampu inaingia kwenye disiki. Sasa mashini isiyo na disiki je? Na ile ambayo disiki yenyewe njo imeharibika? Hapo mashini inayokufa inatuma memwari yake kwa mashini nyingine kupitia rezo. Na hapo njo mabishano yanaanzia, juu kuna mainjinia wanaosema njia hiyo iondolewe.

Wale wanaotaka iondolewe hawasemi upuuzi. Angalia kazi yenyewe. Kerneli imekwisha kuvunjika, maprosesa mengine yamesimamishwa, interapti zimefungwa, kuomba memwari mpya haiwezekani. Katika hali hiyo unaitaka itafute adresi ya serveri, itume paketi, ingojee jibu, irudilie mara maelfu. Ni kama kumuomba mgonjwa ajipasue mwenyewe. Tena kila draiva ya karte ya rezo inapaswa kuandikiwa kipande cha pekee ili ifanye kazi bila interapti. Kipande hicho karibu hakuna anayekitumia siku za kawaida, basi kinaoza polepole bila mtu kujua.

Linux iliona tabu hiyo. Red Hat Enterprise Linux 3 na 4 zilikuwa na netdump, iliyotuma dampu kutoka ndani ya kerneli ileile iliyoanguka. Mwaka 2005 Linux 2.6.13 ikaingiza kexec, na toka toleo la 5 Red Hat ikahamia kdump. Akili yake ni nzuri sana: unatenga sehemu ya memwari tangu mashini inapowaka, unaweka humo kerneli ya pili, nzima. Ya kwanza ikikufa, ya pili inaamka na kuchukua memwari ya maiti, inaipeleka kwa disiki ao kwa rezo, kwa SSH ao NFS.

Basi mjadala umekwisha? Hapana. FreeBSD ilienda njia ingine kabisa: toleo la 12.0, mwaka 2018, liliingiza netdump yake, yenye kutuma kutoka kerneli iliyoanguka. Inatenga mbele ya wakati nafasi ya paketi zake, ili siku ya kifo isiombe kitu kwa mtu. Na Linux yenyewe bado iko na netconsole, ambayo haitumi memwari yote. Inatuma tu maneno ya mwisho ya kerneli kwa UDP. Mara nyingi mistari ile michache inatosha kuonyesha draiva gani ilikosea.

Kwangu mimi, njia ya rezo ichungwe. Kdump inaomba memwari itengwe kila siku hata kama mashini haianguke kamwe, na kwa mashini ndogo hiyo ni bei kubwa. Anayeondoa netdump kwa sababu yeye iko na disiki anamfunga mdomo yule asiye nayo. Sisi wa agronomia tunajua: mmea ukioza kabisa, labo haisomi tena kitu.

Lakini isiachwe wazi. Dampu ni memwari: ndani yake kuna maneno ya siri, funguo, barua za watu. Ikipita kwenye rezo ya wote bila kufungwa kwa kriptografia, yeyote mwenye kusikiliza anachota. Iwekewe rezo ya pembeni. Hesabu pia saa: laini ya gigabiti 1 haipitishi zaidi ya megabaiti 125 kwa sekunde, basi memwari ya gigabaiti 64 ikitumwa yote itakula zaidi ya dakika 8, na wakati huo serveri haihudumii mtu. Njo maana dampu nyingi zinabeba kurasa za kerneli tu.

Mwenye kutaka kujaribu, kwenye Linux mwenye mamlaka ya root anaandika herufi c ndani ya /proc/sysrq-trigger, na kerneli inaanguka palepale. Fanya hivyo kwenye mashini ya mazoezi, hapana ile iko na memwari ya mwenzako, na utazame kama dampu imefika kweli ngambo ya pili.