Ukimya wa Siku ya Kwanza Katika Mastodon

Mtu aliyezoea mitandao mikubwa ya kijamii kama vile Facebook, Instagram au X anapoingia Mastodon kwa mara ya kwanza hukutana na mambo mawili ambayo hakuyatarajia: kwanza huulizwa swali asilokuwa na namna ya kulijibu, na akishalijibu hukuta ukurasa ulio kimya, hauna picha wala habari ya mtu yeyote. Wengi huishia hapo. Hata hivyo, hisia hiyo ya awali, ingawa ni ya kweli, hutokana na jinsi mtandao wenyewe ulivyoundwa, na anayeuhukumu kwa siku moja huwa bado hajauona.

Mastodon, yenye jina sawa na la mnyama wa kale aliyefanana na tembo na ambaye amekwishatoweka duniani, ni programu huria, yaani programu ambayo msimbo wake uko wazi kwa yeyote anayetaka kuusoma, kuurekebisha na kuutumia. Ilitolewa mwaka 2016 na Eugen Rochko, mtaalamu wa programu wa nchini Ujerumani, na kwa miaka kadhaa ilijulikana zaidi miongoni mwa wapenzi wa teknolojia. Hali hiyo ilibadilika baada ya tarehe 27 Oktoba 2022, tajiri Elon Musk alipokamilisha ununuzi wa Twitter, ambayo sasa inaitwa X, kwa dola za Marekani bilioni 44. Kwa mujibu wa Rochko, katika wiki chache zilizofuata watumiaji wa kila mwezi waliongezeka kutoka takriban 300,000 hadi milioni 2.5. Sehemu kubwa ya wageni hao haikudumu.

Swali linalomkwamisha mgeni ni hili: ajiandikishe katika seva ipi? Seva ni kompyuta inayotunza akaunti za watumiaji na kuzipitisha habari zao, na Mastodon ina maelfu ya seva ambazo humilikiwa na watu binafsi, vyama, vyuo na taasisi mbalimbali, kila moja ikiwa na msimamizi wake na kanuni zake. Mfano wa karibu ni simu za mkononi, ambapo mteja wa kampuni moja humpigia mteja wa kampuni nyingine bila wote wawili kulazimika kununua laini za aina moja. Seva za Mastodon nazo huwasiliana kwa kufuata itifaki, yaani utaratibu wa pamoja wa kubadilishana taarifa, iitwayo ActivityPub, iliyoidhinishwa mwezi Januari 2018 na W3C, shirika la kimataifa linalosimamia viwango vya wavuti. Ndiyo maana anwani ya mtumiaji huwa na sehemu mbili kama ilivyo kwa barua pepe, jina lake likifuatwa na jina la seva yake. Muundo huu una faida kubwa, kwani hakuna tajiri mmoja awezaye kuununua mtandao wote. Lakini kumtaka mgeni achague mahali pa kuishi kabla hajaujua mji ni kosa la wazi, na mwaka 2023 watengenezaji walilipunguza kwa kuifanya mastodon.social iwe seva inayopendekezwa kwanza katika programu yao ya simu.

Ukimya unaofuata una sababu nyingine. Katika mitandao ya kibiashara, algoriti, yaani kanuni za kikokotozi zinazokadiria kile kitakachomvutia mtumiaji, huujaza ukurasa wake tangu dakika ya kwanza, kwa kuwa kadiri anavyokaa ndivyo matangazo mengi zaidi yanavyompitia. Ukurasa wa nyumbani wa Mastodon hauna matangazo wala makadirio hayo: huonyesha machapisho ya watu na mada ambazo mtumiaji mwenyewe amechagua kuzifuata, yale mapya yakitangulia, hivyo asiyemfuata mtu hana cha kuona. Hata kitendo cha kupenda chapisho humfurahisha mwandishi wake, bila kulipandisha juu katika ukurasa huo. Kinacholifikisha mbali ni watu kulisambaza kwa hiari yao. Kwa sababu hiyo wenyeji humshauri mgeni aanze kwa kujitambulisha, jambo ambalo limekuwa desturi yao, na kufuata maneno yenye alama ya reli (#) kuhusu mambo anayoyapenda, iwe ni kilimo, fasihi au unajimu. Baada ya wiki mbili au tatu za kufanya hivyo, ukurasa uliokuwa mtupu huanza kufanana na baraza ambalo kila aliyeketi amealikwa na mwenye nyumba.

Zipo kasoro ambazo muda hauziondoi. Ujumbe wa faragha haufungwi kwa usimbaji wa mwisho hadi mwisho, yaani ule unaowaruhusu mwandishi na mpokeaji pekee kuusoma, kwa hiyo msimamizi wa seva ana uwezo wa kuusoma, na haifai kuandika humo siri ya aina yoyote. Mtumiaji akihamia seva nyingine, wafuasi wake huhama pamoja naye, lakini machapisho yake ya zamani hubaki alikotoka, na seva hiyo ikifungwa hupotea. Tena lugha zinazotawala ni zile za nchi ambako watumiaji walijikusanya mapema, kama Kiingereza, Kijerumani, Kifaransa na Kijapani, hivyo msomaji wa Kiswahili huuhisi ukimya zaidi kuliko wengine.

Kila chapisho la Mastodon, hata hivyo, huwekewa alama ya lugha, na Kiswahili kimo katika orodha. Anayejiunga leo asiifunge akaunti yake siku hiyohiyo; na aandike utambulisho wake kwa Kiswahili, akiichagua lugha hiyo katika kisanduku cha lugha, ili atakayekuja kesho akute mtu wa kuzungumza naye.