Mjusi-kafiri wa kijani wa Pemba na ufugaji wake

Mjusi-kafiri wa kijani wa Pemba (jina la kisayansi: Phelsuma parkeri) ni mjusi mdogo wa familia Gekkonidae ambaye makazi yake ya asili ni kisiwa cha Pemba pekee, nchini Tanzania. Jamaa zake wa kijivu hutoka usiku kuwinda wadudu kwenye taa, lakini yeye huwinda mchana, juu ya minazi, migomba na kuta za nyumba. Kisiwani kwake hakuna desturi ya kumfuga, na wengi humwona kila siku bila kujua kwamba hakuna nchi nyingine yenye mjusi huyu porini. Wanaomfuga ni watu wa Ulaya na Marekani hasa, katika vizimba vya kioo vyenye joto na unyevu wa kuigiza hali ya Pemba. Makala hii inamweleza mnyama mwenyewe, jinsi anavyotunzwa kizimbani, na kwa nini asikamatwe porini.

Jina na imani

Jina mjusi-kafiri hutumika pwani nzima kwa mijusi wanaopanda kuta za nyumba. Jina hilo huhusishwa na mapokezi ya dini: katika kitabu cha Hadithi cha Bukhari imesimuliwa kwamba mjusi aitwaye kwa Kiarabu wazagh alipuliza moto aliotupwa Nabii Ibrahim, na kwamba ameamrishwa auawe. Pemba ni kisiwa cha Waislamu karibu wote, na watoto wengi hukua wakiwafukuza mijusi hawa kwa fagio. Iwapo yule wa kijani wa mchana anaingia katika hukumu hiyo ni suala la wanazuoni, si la kamusi elezo. Linaloweza kusemwa hapa ni kwamba kwa mtazamo wa biolojia hana sumu, si katika mate wala katika ngozi, na hawezi kumdhuru mtu. Akishikwa atauma, lakini meno yake ni madogo mno kuweza kuleta jeraha la maana.

Spishi hii ilielezwa mara ya kwanza kitaalamu mwaka 1941 na Arthur Loveridge, Mwingereza aliyewahi kufanya kazi Nairobi na Tanganyika kabla ya kuhamia makumbusho ya zoolojia ya Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani. Jina parkeri ni kwa heshima ya Hampton Wildman Parker, mtaalamu wa reptilia wa makumbusho ya Uingereza.

Maelezo

Urefu wake pamoja na mkia hufika sentimita 16 hivi. Rangi ni kijani kibichi au kijani chenye umanjano. Huenda akawa na madoa madogo ya rangi ya kutu sehemu ya nyuma ya mgongo. Tumbo ni jeupe. Akiogopa au akipata baridi rangi hufifia na kuwa nyeusi zaidi, jambo ambalo mfugaji anatakiwa kulijua, kwa sababu mjusi anayebaki mweusi siku nzima hayuko sawa.

Mboni ya jicho ni ya duara, kama ilivyo kwa wanyama wengi wa mchana. Wale wa usiku mboni zao ni mstari wa kusimama. Hana kope za kufumba, hivyo husafisha macho kwa kuyalamba. Chini ya vidole kuna vigamba vipana vyenye nywele ndogo mno, mamia ya maelfu, zisizoonekana kwa macho. Nywele hizo hukaribiana na ukuta kiasi cha kuvutana nao kwa nguvu hafifu zilizopo baina ya molekuli. Hakuna gundi wala unyonyaji wa hewa, kama tulivyofundishwa zamani. Mwalimu wa biolojia wa Chake Chake au Wete hana haja ya kuagiza kielelezo kutoka nje, kimo ukutani.

Chakula chake porini ni wadudu na buibui, lakini pia hulamba nekta, chavua na utamu wa matunda yaliyoiva. Ndiyo maana huonekana sana kwenye maua ya mgomba na ya mnazi.

Kwa nini Pemba peke yake

Unguja iliungana na bara wakati wa enzi ya barafu iliyopita, usawa wa bahari uliposhuka. Pemba haikuungana. Mkondo unaoitenganisha na bara una kina cha mamia ya mita, na kisiwa kimekuwa peke yake kwa muda mrefu sana. Kwa sababu hiyo kuna viumbe kadhaa visivyopatikana kwingine: popo mkubwa wa Pemba, bundi wa Pemba, njiwa wa kijani wa Pemba, na mjusi huyu. Ndugu zake wengi wa jenasi Phelsuma wako Bukini na visiwa vya Bahari Hindi kama Komoro, Shelisheli na Morisi. Unguja na mwambao wa Kenya na Tanzania yupo mwingine wa kijani, Phelsuma dubia, ambaye watu humchanganya na huyu.

Kutunzwa kizimbani

Yanayofuata yanahusu wanyama waliozaliwa kizimbani kwa wafugaji, ambao ndio wanaofaa kufugwa.

Kizimba huwa kirefu kwenda juu kuliko upana, kwa kuwa mnyama huyu huishi kwa kupanda. Kwa dume na jike, sentimita 45 kwa 45 kwa 60 za kwenda juu zinatosha. Ndani huwekwa vipande vya mwanzi vilivyo wazi upande mmoja, ambavyo ndani yake hulala na kutaga, pamoja na mimea ya majani mapana. Madume wawili hawawekwi pamoja: watapigana mpaka mmoja afe au aache kula. Dume hutambuliwa kwa safu ya vitundu vidogo chini ya mapaja yake.

Joto la mchana huwa nyuzi 28 hivi, na sehemu moja ya kuota jua ifike 32. Usiku lishuke hadi 23 au 24. Unyevu ni mwingi, asilimia 75 hadi 85. Anayeijua Pemba ataona kwamba hali hiyo ndiyo ya kisiwani wakati mvua zimeanza kupungua. Maji hunyunyizwa asubuhi na jioni, kwa kuwa mjusi huyu hulamba matone kwenye majani na mara nyingi hapuuzii bakuli ila haoni maji yaliyotulia.

Jambo linaloua wengi ni mwanga. Ili mwili utengeneze vitamini D, na kwa vitamini hiyo uweze kutumia kalisi, mjusi wa mchana anahitaji mnururisho wa urujuanimno. Kioo cha kawaida huuzuia. Kwa hiyo kizimba cha kioo kilichowekwa karibu na dirisha hakimpi chochote ila joto, na kikipigwa na jua moja kwa moja kinaweza kumuua kwa joto katika muda mfupi. Katika nchi za baridi hutumika taa maalumu, ambazo hubadilishwa kila baada ya miezi kadhaa hata kama bado zinawaka, maana mnururisho huisha kabla ya mwanga. Mahali penye jua la kutosha, kizimba cha wavu kilichowekwa barazani, nusu juani na nusu kivulini, ni bora kuliko taa yoyote.

Bila mwanga huo na bila kalisi, mifupa hulainika. Taya hulegea, miguu hupinda kama ya mtoto mwenye matege, mgongo na mkia hupata nundu, na mwishowe mnyama hushindwa kushika ukuta. Ugonjwa ukifika hapo kupinda hakurudi, hata akipona. Kinga ni rahisi: wadudu hupakwa unga wa kalisi kabla ya kutolewa. Unga huuzwa madukani Ulaya, lakini mfupa mweupe wa dome (jamaa wa ngisi), ambao watu wa pwani huuokota ufukweni, ukioshwa, ukakaushwa na kusagwa hufanya kazi hiyo hiyo. Jike huhifadhi kalisi katika vifuko viwili kandoni mwa shingo, na vikionekana vimetuna na weupe kidogo ni dalili njema, si uvimbe. Jike anayetaga bila kupumzika humaliza akiba hiyo na huwa wa kwanza kuugua.

Wadudu wa kumlisha ni nyenje wadogo, nzi, nondo, mende wachanga na panzi wadogo. Wasizidi upana wa kichwa chake. Mkubwa hulishwa kila baada ya siku moja, mchanga kila siku. Mara moja au mbili kwa wiki hupewa kiasi kidogo cha papai, embe au ndizi iliyoiva sana, iliyopondwa, na mabaki huondolewa kabla hayajachacha. Wadudu waliookotwa ndani ya nyumba iliyopigwa dawa ya mbu wasitumike kabisa. Zanzibar nyumba nyingi zimepuliziwa dawa ukutani katika kampeni za malaria, na mende anayeyumbayumba amebeba sumu itakayomfikia mjusi.

Hatimaye, mjusi huyu si wa kushikwashikwa. Ngozi yake ni nyembamba na huchanika mkononi. Mkia hukatika na kuota mwingine mfupi usio na umbo zuri. Anayetaka mnyama wa kupakata afuge paka. Anapohamishwa, huongozwa aingie ndani ya kipande cha mwanzi, kisha mwanzi ukachukuliwa naye ndani. Mikono huoshwa kwa sabuni baada ya kusafisha kizimba, kwa sababu reptilia wengi hubeba bakteria za Salmonella bila wao wenyewe kuugua. Nyumba yenye mtoto mchanga ina sababu zaidi ya kuwa makini.

Kuzaliana

Jike hutaga mayai mawili, meupe na yenye ganda gumu, ndani ya mwanzi au makutano ya majani. Kwa joto la nyuzi 28 huanguliwa baada ya mwezi mmoja na nusu hadi miwili. Katika spishi kadhaa za Phelsuma joto la mayai ndilo linaloamua kama atatoka dume au jike. Wachanga hutengwa na wazazi, kwani huweza kuliwa.

Biashara na sheria

Kwamba mnyama anapatikana kwa wingi kwenye minazi si hoja ya kumkamata. Pemba nzima haifiki kilomita za mraba 1,000, na mjusi huyu hana kwingine. Tanzania imeshaona jambo kama hili likitokea. Mjusi wa buluu Lygodactylus williamsi huishi katika msitu wa Kimboza na maeneo machache ya jirani, mkoani Morogoro, juu ya miti jamii ya mkadi. Wafugaji wa ng'ambo walipompenda, inakadiriwa kwamba kati ya Desemba 2004 na Julai 2009 kundi moja tu la wakamataji lilichukua angalau mijusi 32,310, karibu asilimia 15 ya wote waliokuwapo. Wakamataji walikata mikadi ili kuwafikia, na hivyo kuharibu nyumba ya waliobaki. Spishi hiyo sasa imo katika Kiambatisho I cha mkataba wa CITES tangu Januari 2017, maana yake biashara ya kimataifa ya waliotoka porini imepigwa marufuku. Aliyepata fedha nyingi katika biashara ile si kijana aliyepanda mti.

Jenasi yote ya Phelsuma imo katika Kiambatisho II cha mkataba huo tangu 1977. Kumvusha mpaka bila kibali cha nchi anakotoka ni kosa, hata akiwa mmoja ndani ya chupa. Mei 2016 serikali ya Tanzania ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje. Kwa upande wa Zanzibar, misitu na wanyamapori si mambo ya Muungano; sheria inayohusika ni ile ya Usimamizi na Uhifadhi wa Maliasili za Misitu, Na. 10 ya 1996, na anayetaka kumkamata mnyama wa porini aanze kwa maofisa wa misitu.

Mkaazi wa Ulaya anayependa mijusi anaweza kupata waliozaliwa kwa wafugaji, wenye hati. Kwa anayeanza, spishi ngumu zaidi kuharibika ni mjusi-chui wa Asia (Eublepharis macularius), ambaye huzalishwa kizimbani kwa wingi na huvumilia makosa ya mgeni.

Kuishi naye Pemba

Kwa aliyeko kisiwani kizimba hakihitajiki. Mjusi huyu hukaa mwenyewe penye migomba, minazi na maua, mradi mimea isipigwe dawa za wadudu na paka wasiwe wengi. Asubuhi jua linapochomoza hutoka kuota upande wa mashariki wa shina, na huo ndio wakati mzuri wa kumtazama; dume husimama akitikisa kichwa kwa dume mwingine wa mti wa pili. Kipande cha mwanzi kilichofungwa barazani, mdomo ukitazama chini ili mvua isiingie, huweza kumvuta apate pa kulala.

Mayai hukutwa mara kwa mara nyuma ya madirisha ya mbao au ndani ya makuti yanayoshushwa. Yakihitaji kuhamishwa, upande uliokuwa juu hutiwa alama ya penseli na yai huwekwa hivyo hivyo, kwa sababu yai la mjusi likigeuzwa baada ya siku za mwanzo kijusi kilichomo huweza kufa.